Meza Husogea Kisu Kinaporudi: Historia ya Shepa kutoka Patricroft hadi Lumakanda

Lumakanda, katika eneo la Lugari, kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni nchi ya mahindi, na penye mahindi pana kinu. Puli inayopokea mkanda kutoka kwenye injini hushikana na shafti ya kinu kwa kipande kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita kii. Nusu ya kii hukaa katika mfereji uliochongwa kwenye shafti, na nusu nyingine hukaa katika mfereji ulio ndani ya tundu la puli. Mfereji huo ukishapanuka, puli huanza kuteleza, kinu hutetemeka, na akina mama waliopanga debe zao mlangoni huambiwa warudi kesho. Wapo wanaolehemu puli moja kwa moja kwenye shafti ili siku ipite. Baadaye beringi ikiharibika, hawawezi kuitoa bila kukata kila kitu. Dawa ya kweli ni kuchonga mfereji mpya, ulionyooka, wa kipimo cha kii kipya. Tundu likiwa la mviringo na mfereji ukiwa mraba, kerezo peke yake haliwezi kazi hiyo. Mashine inayoiweza bila gharama kubwa ni shepa.

Shepa haizungushi chuma. Ina mkono mzito unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kisu. Kisu hukata kikienda mbele, kikirudi hakikati. Chuma kinachochongwa kimebanwa katika jiliwa, jiliwa imefungwa juu ya meza, na meza husogea pembeni hatua moja ndogo kwa kila mwendo wa kisu. Hatua hiyo ndogo, ambayo mafundi huiita fidi, ndiyo ninayotaka kuisimulia, pamoja na watu walioruhusiwa kuipima na wale walioambiwa wasiiguse.

Magharibi mwa Kenya kulikuwa na wahunzi muda mrefu kabla ya mashine yoyote kufika. Wasamia waliyeyusha chuma kilichochimbwa katika vilima vyao, na majembe yao yaliuzwa mbali, kwa Waluhya wengine na kwa Waluo. Mhunzi aliumba kitu kwa moto, fuawe na nyundo, na kipimo chake kilikuwa jicho. Jembe halihitaji zaidi ya hapo. Lakini injini ya mvuke inahitaji zaidi, kwa kuwa pistoni isiyolingana na silinda yake hupoteza mvuke, na valvu isiyo bapa haifungi. Hata Ulaya, mwanzoni mwa karne ya 19, uso bapa wa chuma ulipatikana kwa tindo na tupa, mtu akichonga na kukwaruza kwa siku nyingi.

Mmoja wa walioanza kuuondoa mzigo huo kwenye mkono wa binadamu ni Henry Maudslay wa London, aliyekikamata kisu cha kerezo kwa kishikio cha chuma kinachosogezwa na parafujo, badala ya kukiacha kiganjani mwa fundi. Mwaka 1829 kijana Mskoti aitwaye James Nasmyth, mzaliwa wa Edinburgh, alifika katika karakana ya Maudslay akawa msaidizi wake hadi bwana wake alipofariki mwaka 1831. Miaka mitano baadaye Nasmyth alikuwa na kiwanda chake Patricroft, karibu na Manchester, kando ya mfereji wa Bridgewater na reli ya Liverpool na Manchester. Mwaka huohuo wa 1836 alitengeneza mashine ya kuchonga nyuso ndogo za chuma, ikaitwa mkono wa mvuke wa Nasmyth. Hiyo ndiyo shepa ya kwanza. Jirani yake wa Manchester, Joseph Whitworth, aliiongezea mtambo unaoufanya mkono uende polepole ukikata na urudi haraka ukiwa mtupu, ili muda usipotee.

Nasmyth alizipenda mashine zinazojisogeza zenyewe kwa sababu ya pili, na hakuificha. Mashine ambayo meza yake inajisogeza haimhitaji fundi aliyesomea kazi miaka saba. Kibarua au kijana mdogo anaweza kuiangalia. Mwaka 1836 wafanyakazi wake waligoma kwa sababu aliwapa watu wasio na uanagenzi kazi za mafundi. Nasmyth akaleta watu kutoka Uskoti na kuendelea. Miaka mingi baadaye, mbele ya tume ya serikali iliyochunguza vyama vya wafanyakazi, alieleza jinsi mashine hizo zilivyomwezesha kupunguza watu. Naona ni haki jambo hili lisemwe wazi. Meza inayojisogeza ilileta usahihi duniani, na papo hapo ilimpa mwajiri fimbo. Lilipofika Afrika Mashariki jambo hilo lilipinduka: hapa haikuulizwa kama mashine itachukua nafasi ya fundi, iliulizwa rangi ya mtu anayefaa kuitwa fundi.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliajiriwa kuijenga, karibu 2,500 wakafa, na chini ya 7,000 wakabaki. Miongoni mwa waliobaki na waliofuata walikuwa maseremala, wahunzi na mafundi wa mitambo kutoka Punjab, wengi wao Makalasinga. Makao makuu ya reli yalipohamia Nairobi, karakana kubwa ilihamia huko pia, kwa maana reli yenye upana wa mita moja iliyo katikati ya nyika haiwezi kungoja kila kipuri kutoka Uingereza. Beringi za mhimili, vipande vya breki, valvu, vyote vilichongwa au kurekebishwa hapohapo, kwa kerezo, mashine za kutoboa na mashine za kupiga randa chuma.

Katika karakana hiyo cheo kilifuata rangi. Mzungu alisimamia. Mhindi aliendesha mashine. Mwafrika alibeba, alifagia chembe za chuma, alipaka oili. Mshahara ulifuata mpangilio huohuo, na katika utumishi wa umma kanuni ya kumlipa asiye Mzungu tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile iliishi hadi Tume ya Lidbury ilipoiondoa mwaka 1954. Hata Mhindi hakuikalia nafasi yake kwa raha. Makhan Singh, aliyekuwa mtoto wa fundi wa reli, alikusanya wafanyakazi katika chama mwaka 1935, na mgomo wao wa mwaka 1937 ulichukua siku 62 kabla ya waajiri kukubali kuongeza mishahara.

Wakati huo reli ilikuwa imeshapita mlangoni mwa Lumakanda. Kutoka Nakuru ilipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924, ikateremka kupitia Turbo, Lugari na Broderick Falls, ambayo leo ni Webuye, na kufika Kampala mwaka 1931. Miongoni mwa vichwa vya treni vilivyoingia kazini katika reli ya Kenya na Uganda miaka hiyo ya 1923 hadi 1930 vilikuwa vya daraja la EB3. Baadhi yake vilitoka Patricroft, kwa kampuni ya Nasmyth, Wilson, ile iliyotokana na kiwanda cha Nasmyth. Mtu wa Lugari aliyesimama kando ya reli akisikia filimbi hakuwa na sababu ya kujua hivyo, lakini kazi ya kiwanda kilichozaa shepa ilikuwa inapita mbele ya macho yake, na mashine zenyewe zilikuwa Nairobi, nyuma ya lango ambalo yeye angeliingia kama kibarua.

Mwanya ulianza kufunguka kutoka pande mbili. Wamisionari wa Marafiki (Quakers) waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliweka neno la ufundi katika jina la misheni yao, na pamoja na Biblia walifundisha useremala, uashi na kupasua mbao. Serikali nayo ilianzisha chuo cha ufundi Kabete mwaka 1924, ambako vijana wa Kiafrika walijifunza uhunzi, useremala na ujenzi. Kisha, mwaka 1956, reli ilifungua shule yake ya mafunzo Nairobi. Upande wa magharibi, Sigalagala, kusini mwa mji wa Kakamega, palikuwa na shule ya ufundi ambayo leo ni chuo cha taifa. Kwa kizazi cha kwanza cha vijana hawa, kukabidhiwa hendeli ya meza lilikuwa jambo kubwa. Shule iliwapa kile ambacho karakana ilikuwa ikiwanyima, yaani ruhusa ya kukosea kwenye chuma cha mazoezi.

Kazi yenyewe huanza kabla umeme haujawashwa. Fundi hulegeza boliti za nyuma zinazobana reli ya meza kwenye mwili wa mashine, na mguu unaoiunga meza kwa mbele. Asipoulegeza mguu, ataipandisha meza huku imefungwa, na parafujo itaumia. Huzungusha hendeli ya kupandisha mpaka kazi iliyo katika jiliwa ifike karibu na kisu, kwa kuwa kisu kilichoning'inia mbali hutetemeka na uso hutoka mawimbi. Kisha hufunga tena: kwanza boliti za nyuma, halafu mguu. Meza iliyosahauliwa wazi hushuka kidogo kila kisu kinapogonga, na hakuna kipimo kitakachobaki kweli.

Baada ya hapo hupanga urefu wa mwendo wa mkono. Kazi ikiwa na urefu wa milimita 100, mkono hupewa kama 120. Nafasi kubwa zaidi huachwa nyuma, ili kisu kilichoinuka wakati wa kurudi kipate kutulia kabla ya kuuma chuma, na kidogo tu mbele ili kipite ukingo. Hendeli ya kupangia hutolewa mahali pake na kuwekwa chini. Ikiachwa, mashine itaizungusha, na wapo waliovunjwa kiganja kwa uzembe huo.

Sasa fidi. Kwenye ncha ya parafujo inayosogeza meza pembeni kuna gurudumu lenye meno, na juu yake kuna kijiti chenye ulimi uliokatwa mshazari upande mmoja. Kijiti hicho huvutwa na kusukumwa na fimbo inayotoka kwenye sahani yenye mtaro, inayozunguka pamoja na mtambo wa mkono. Pini ya fimbo ikiwa karibu na kitovu cha sahani, ulimi husukuma jino moja. Ikisogezwa mbali na kitovu, husukuma mawili, matatu, matano. Gurudumu likiwa na meno 40 na parafujo ikisogeza meza milimita 4 kwa mzunguko mzima, kila jino ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa kuondoa chuma kingi fundi atachukua meno matano, nusu milimita. Uso wenye upana wa milimita 100 utahitaji miendo 200 ya mkono, ambayo kwa kasi ya miendo 50 kwa dakika ni dakika nne. Hesabu hii mwanagenzi huifanya kwa chaki juu ya meza ya kazi, na ni hesabu bora kuliko nyingi za darasani, kwa kuwa jibu lake huonekana likitokea.

Akitaka meza irudi upande wa pili, huinua kijiti, hukigeuza nusu mzunguko na kukiachia. Ulimi sasa unasukuma kinyume. Akikigeuza robo tu, kinabaki kimeinuka na meza inasimama, naye anaweza kuisogeza kwa mkono. Hakuna umeme wala kompyuta katika sehemu hiyo. Ni jino, ulimi na pini, na vyote vinaonekana.

Kuna kosa moja ambalo kila anayejifunza shepa lazima aonyeshwe. Meza inatakiwa isogee mkono ukirudi nyuma, wakati kisu hakijauma chuma. Ikisogea wakati kisu kinakata, chuma husukumwa pembeni dhidi ya kisu, uso hutoka na mikwaruzo, na kisu hukatika. Atakayeona taabu kuelewa amtazame fundi cherehani: kitambaa husogea sindano ikiwa juu. Meza ikisogea wakati usiofaa, pini ya fimbo huhamishiwa upande wa pili wa kitovu cha sahani, na saa ya mtambo hurudi mahali pake. Wanaojua mashine husimama pembeni, hawasimami mbele, kwa sababu chembe huruka mbele zikiwa za moto, kisha husikiliza. Mlio wa kukata, kimya cha kurudi, mguso mdogo wa ulimi kwenye jino. Mguso ukija katikati ya mlio, huzima.

Kwa mfereji wa puli, meza hufanya kazi nyingine kabisa. Kisu kidogo hufungwa kwenye fimbo ndefu inayopita ndani ya tundu. Fundi husogeza meza kwa mkono, taratibu, mpaka kisu kikae katikati kamili ya tundu. Parafujo kuukuu huwa na uchezaji, kwa hiyo akipita alama hairudishi kidogo tu. Huirudisha mbali na kuikaribia tena kutoka upande uleule. Kisha huifunga meza isisogee tena, na fidi yote hutolewa kwa hendeli ya kichwa cha kisu, kidogo kidogo, mpaka kii kiingie kwa kugongwa taratibu kwa nyundo ya shaba. Kazi hiyo ikifanywa vizuri huishi miaka.

Lumakanda ya leo ilizaliwa na uhuru. Ardhi ya walowezi ilinunuliwa na kugawanywa chini ya mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, na familia kama 35,000 nchini kote zikapata mashamba. Skimu za Lugari na Lumakanda zilijaa watu kutoka Maragoli, Bunyore, Tiriki na Bukusu. Walikuja na imani yao, na hadi leo Marafiki wana Mkutano wa Mwaka wa Lugari. Walikuja pia na ufundi walioupata katika shule za misheni na kazi za reli. Mashamba mapya yalihitaji plau, mikokoteni, pampu na vinu. Serikali ilileta mbegu na mikopo. Karakana ya mashine haikumo katika mpango. Naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote katika historia ya skimu hizi, kwani mkulima alipewa ardhi na trekta la kukodi, lakini kipuri kilipovunjika alirudi Eldoret kuomba.

Miaka ya 1970 ilileta viwanda karibu. Mumias ilianza kusaga miwa mwaka 1973, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kikafunguliwa Webuye mwaka 1974, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kikafuata mwishoni mwa muongo. Kiwanda cha namna hiyo hakiendi bila karakana yake, na kwa vijana wa Lugari Webuye palikuwa mwendo mfupi. Wengi walijifunza chuma hapo, si shuleni. Pan Paper ilipofungwa mwaka 2009, na Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, kilichopotea hakikuwa mishahara tu. Ilipotea shule ambayo haikuwa na kibao mlangoni.

Kabla ya hayo, serikali ilikuwa imetazama mbali zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza litengenezwe gari la Kenya, na Februari 1990 gari la Nyayo likaonyeshwa Kasarani. Magari hayakuingia sokoni, lakini mradi uliacha karakana ya mashine za kompyuta ndani ya eneo la reli Nairobi, iitwayo Numerical Machining Complex. Baadaye vyuo vingi vya ufundi vilipata mashine mpya kutoka China. Ni jambo jema, na sitalipinga. Kijana wa leo lazima ajue mashine inayosoma namba.

Lakini mashine ya kompyuta huficha kila kitu nyuma ya kioo. Mwanafunzi huandika fidi ni 0.1, na meza husogea. Kwa nini isogee wakati huo na si mwingine, haoni. Kwenye shepa huona jino likisukumwa. Huona kosa likitokea na huweza kulirekebisha kwa spana moja. Katika mji ambao umeme hukatika na mtaalamu wa kompyuta yuko mbali, mashine ambayo fundi anaweza kuifungua yote, kuisafisha na kuifunga tena haijapitwa na wakati. Watengenezaji wengi wa Uingereza na Marekani waliacha kuunda shepa miongo iliyopita, kwa sababu mashine ya miling ina kasi zaidi. Punjab haikuacha: Batala na miji ya jirani iliendelea kuziunda, katika jimbo lilelile lililowatoa mafundi wa reli yetu. Vipuri bado vinapatikana, na visivyopatikana vinaweza kuchongwa na shepa nyingine.

Hata hivyo zipo shepa ambazo zimekaa chini ya turubai katika pembe za karakana za vyuo, zikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu, zikihesabiwa kwa kilo. Tangu Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo uamuzi wa kuuza au kutengeneza hauko Nairobi. Uko Kakamega, na wazazi wa Lugari wana mwakilishi wa kumuuliza. Muulizeni. Kabla mashine yoyote haijapakiwa kwenye lori la chakavu, aitwe fundi mstaafu wa Webuye, Nzoia au reli, alipwe posho yake, aifungue mbele ya vijana, aitie oili na awaonyeshe namna ya kuifunga meza, kupanga mwendo na kuhesabu jino. Mafundi hao wamezeeka, na wengine hatunao tena. Kazi hiyo ifanywe mwaka huu.